Unahamia Dar es Salaam? Anza na barabara, nyumba itafuata

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wanaohamia Dar es Salaam bila kuujua mji. Tumeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana, na kwa sababu kosa ni lile lile kila mwaka: mtu anapenda nyumba, analipa miezi sita, ndipo anaanza kuuliza basi linapita wapi.

SWALI: Nimehamishwa kikazi kutoka Mbeya. Ofisi mpya iko Posta, karibu na Kivukoni. Mke wangu ni fundi cherehani na ameshapata nafasi Kariakoo. Tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Marafiki wananitajia mitaa mpaka nachanganyikiwa: Tabata, Kimara, Bunju, Mbagala, Chanika. Pango nisizidishe laki mbili na nusu. Nianzie wapi?
*Mtumishi wa umma, Mbeya*

JIBU: Majina ya mitaa yaweke pembeni kwanza, chukua barabara. Dar es Salaam imekua ikifuata barabara nne zinazotoka katikati kama vidole. Bagamoyo inakwenda kaskazini hadi Mwenge, Tegeta na Bunju. Morogoro inakwenda magharibi: Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi. Nyerere inapita uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto na Pugu, na ndiyo inayowafikisha watu wa Chanika. Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Barabara ya Mandela inazikata kwa upande, kutoka bandarini kupitia Tazara na Buguruni hadi Ubungo, na Sam Nujoma inaendelea kutoka hapo hadi Mwenge. Foleni kubwa ziko kwenye makutano hayo. Kwa hiyo mitaa miwili inayotazamana kwenye ramani, lakini kila mmoja uko kwenye kidole chake, inaweza kukugharimu asubuhi nzima.

Kanuni tunayoshauri: kazi zenu zote mbili zikae kwenye kidole kimoja na nyumba yenu. Ninyi mna bahati. Mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, yaliyoanza Mei 2016, yanatoka Kimara na kwenda Kivukoni pamoja na Gerezani, Kariakoo. Wewe utashukia Kivukoni, mama Kariakoo, bila kugusa daladala. Tafuteni kati ya Magomeni na Kimara Mwisho. Ukikosa huko, angalia Barabara ya Kilwa, kwani njia ya pili ya mwendokasi imejengwa hadi Mbagala.

Sasa fanya hesabu, maana nyumba ya bei rahisi mbali na mji humeza pesa polepole. Tuseme umepata chumba na sebule mbali kwa 150,000. Bodaboda hadi barabarani 1,500, daladala mbili 1,300: ni 2,800 kwenda, 5,600 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni 123,200 kwa mtu mmoja. Ninyi ni wawili, hivyo 246,400. Jumla na pango, 396,400. Nyumba ya pili iko umbali wa kutembea kutoka kituo cha mwendokasi, pango 250,000, nauli tuseme 750. Wawili kwa siku 22 ni 66,000, jumla 316,000. Nyumba "ghali" imewaokolea zaidi ya elfu themanini kwa mwezi, mbali na usingizi. Angekuwa anasafiri mtu mmoja tu, nyumba hizo mbili zingepishana kwa chini ya elfu kumi, na hapo tungesema amua kwa mambo mengine. Weka nauli halisi za siku hiyo, hesabu ni ile ile.

Halafu jaribu safari yenyewe. Lala gesti ya mtaa huo usiku mmoja, Jumatatu ikiwezekana, na saa 12:15 asubuhi uwe kituoni. Hesabu mabasi yanayopita yakiwa yamejaa kabla hujapanda. Hili ni muhimu sana kwenye njia ya Kimara: mabasi hujaa mwanzo wa safari, na wanaosubiri vituo vya kati kama Baruti au Bucha huyaona yakipita. Wengi hupanda la kurudi nyuma hadi Kimara ili wageuze nalo, yaani wanalipa nauli ya ziada na dakika nyingine kwa ajili ya kupata nafasi. Jioni rudia, saa 11 kutoka Kivukoni. Muda unaohesabika ni wa mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi.

Kipande cha mwisho kitembee kwa miguu. Kimara na Mbezi ni vilima, na njia nyingi za ndani ni za udongo zenye mteremko mkali. Kiangazi bajaji inafika mlangoni. Mvua ikinyesha makorongo yanafunguka, bajaji inakataa, na bodaboda wa elfu moja anataka elfu mbili. Kama kutoka kituoni hadi nyumbani ni zaidi ya dakika 15 kwa miguu, weka gharama ya boda kwenye hesabu ya kila mwezi, usijidanganye kwamba utakuwa unatembea.

Kuhusu watoto: kabla ya kulipa pango, nenda shule ya msingi iliyo karibu ukamuulize mwalimu mkuu kama darasa lina nafasi. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule wanayotoka na hupita ofisi ya elimu ya wilaya, na shule inayopokea lazima ikubali kwanza. Tembea na saa yako kutoka nyumbani hadi shuleni, na angalia kama mtoto atavuka Barabara ya Morogoro. Akivuka, tafuta kivuko cha juu kilipo, au chagua upande wa pili wa barabara. Tungekuwa sisi, tungetangulia baba peke yake, akakaa kwa ndugu au gesti wiki mbili tatu, familia ikafuata shule zikifungwa.

SWALI: Dalali amenionyesha nyumba ya vyumba vitatu huko Boko, laki tatu na nusu kwa mwezi, safi, imepakwa rangi juzi tu. Sasa ni mwezi wa nane, kila kitu kikavu. Lakini mama mmoja wa jirani ameniambia, "Huku maji hututembelea." Nitajuaje kabla sijatoa pesa?
*Mama anayehama kutoka Arusha*

JIBU: Mama, huyo jirani amekupa msaada mkubwa kuliko dalali. Rudi kwake umuulize mambo mawili: maji yalifika wapi, na yalikaa siku ngapi. La pili lina uzito zaidi.

Mafuriko ya Dar es Salaam ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya mto: maji yanakuja kwa kasi na kuondoka. Bonde la Msimbazi ndilo linalojulikana zaidi: Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, Hananasif na sehemu za Vingunguti. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika bonde hilo, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Namna ya pili ni maji ya ardhini: ardhi ni kama bakuli, maji hayana pa kwenda, yanapanda kutoka chini na kutulia kwa wiki au miezi. Sehemu za chini za Boko ziko hivyo, na vipande vya Mikocheni na Msasani. Kuna mtaa Msasani unaitwa Bonde la Mpunga; waliouita hivyo walikuwa wanauelewa. Usikilize majina ya vituo na vichochoro: Bondeni, Kisiwani, Mabwawa. Jina Jangwani pekee ndilo linalodanganya.

Mito huacha dalili hizi. Matambara na mifuko iliyonasa kwenye uzio au matawini, juu kuliko magoti. Mchanga mpya uani. Kingo za mto zilizokatika wima, kwa sababu kila masika mto unakula ardhi, na nyumba iliyokuwa mbali leo iko ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo nyumba iliyo karibu zaidi ya hapo inaweza kubomolewa hata kama haijawahi kulowa. Tafuta alama ya X nyekundu ukutani, yake na ya majirani. Rangi mpya huifunika, lakini nyumba ya jirani haijapakwa.

Maji ya ardhini yanahitaji macho makali zaidi. Chungulia kisima kilicho karibu, au shimo lolote linalochimbwa. Kama mwezi wa nane unayakuta maji kabla ya kufika mita moja na nusu kutoka juu, mwezi wa nne yatakuwa uani kwako. Angalia mimea: matete, mafunjo na magimbi yaliyojiotea yenyewe hayakai pakavu. Angalia ukuta ndani, nyuma ya mlango na ndani ya kabati, ambako mchoraji rangi huwa mvivu: chumvi nyeupe na plasta inayobanduka kwa mstari mmoja ulionyooka ni kina cha maji kilichoandikwa. Rangi nyeusi iliyopakwa mpaka mita moja kwa chini, nyumba nzima, mara nyingi imewekwa kuficha mstari huo. Tazama majirani: vizingiti vya tofali mbili mlangoni, viroba vya mchanga, vitanda juu ya matofali, soketi zilizohamishiwa usawa wa kifua. Hawafanyi hivyo kwa urembo.

Linganisha pia kiwanja na barabara. Barabara ikiinuliwa na majirani wakimwaga kifusi, nyumba ya zamani inabaki shimoni, na maji ya mtaa mzima yanaitafuta. Nyumba iliyokuwa kavu miaka kumi inaweza kuanza kulowa mwaka ule ule jirani alipomaliza kujaza kifusi.

Mwisho kabisa uliza choo kinanyonywa mara ngapi kwa mwaka. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa kila masika hata familia ikiwa ndogo, na gari la majitaka si bure. Ukisikia kwamba majirani "hutapisha" vyoo mvua ikinyesha, yaani wanafungulia kinyesi kiende na maji, ondoka. Hapo watoto watachezea kipindupindu.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukiweza kusubiri, omba mkataba wa miezi mitatu mwezi wa nane, uione vuli ikianza ukiwa ndani, kisha uamue kuhusu masika. Mwenye nyumba anayekataa miezi mitatu na kung'ang'ania mwaka mzima kwenye eneo la bonde anajua anachokimbia.

SWALI: Ni muuguzi, nimepata kazi Muhimbili. Nitakuwa na zamu za usiku, na nitaishi peke yangu. Wapi ni salama?
*Dada kutoka Songea*

JIBU: Dada, hatuwezi kusema mtaa fulani ni salama wote, kwa sababu ndani ya Sinza au Kinondoni hiyo hiyo kuna kichochoro kizuri na kibaya vinavyopakana. Usalama wako utakuwa kwenye mita 300 za mwisho. Zitembee saa 3 usiku ukiwa na mtu. Angalia taa za majumba na maduka, magenge yaliyo wazi, mama lishe, kijiwe cha bodaboda chenye watu wanaojulikana. Kichochoro kirefu chenye kuta ndefu pande zote mbili bila geti hata moja ni kibaya kuliko mtaa wenye kelele. Swali la wizi muulize muuza genge na mjumbe, dalali ana haraka zake. Uliza pia kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani. Mtaa unaochangia bila kulalamika kwa kawaida unaona faida yake.

Kwa kazi ya Muhimbili, jambo moja wageni huwa hawaambiwi. Magomeni iko karibu sana, na kwa siku kavu ni chaguo zuri. Lakini kati ya Magomeni na Upanga kuna bonde la Jangwani, na mvua kubwa ikinyesha barabara hiyo hufungwa. Mpaka daraja refu linalojengwa hapo likamilike, ukikaa Magomeni ujue mapema njia yako ya pili: kupitia Kinondoni, ukatokee Ali Hassan Mwinyi kuingia Upanga. Ukikaa Kinondoni au Mwananyamala njia hiyo ndiyo ya kila siku kwako, na bonde la Jangwani halikuhusu. Tungekuelekeza huko kwanza.

Na kwa kuwa utalala mchana, ikague nyumba mchana. Watu wengi huogopa baa. Kwako wewe adui ni mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti, uwanja wa shule na spika za mahubiri ya mchana. Kaa kwenye chumba utakacholala, dirisha likiwa wazi, saa 4 asubuhi kwa nusu saa. Kipawa na Kiwalani uongeze ndege zinazoshuka.

SWALI: Nyumba ina bomba la DAWASA na kisima, na umeme wa LUKU. Kuna cha kuuliza zaidi?
*Msomaji, Tabora*

JIBU: Kuna. Bomba lipo, lakini maji hutoka siku gani? Fungua mwenyewe, kisha uliza nyumba ya tatu kutoka hapo, si ya jirani wa ukuta mmoja ambaye huenda ni ndugu wa mwenye nyumba. Watu watano wakitumia ndoo mbili na nusu za lita 20 kila mmoja ni lita 250 kwa siku. Tangi la lita 1,000 linawapa siku nne. Kama mgao ni mara moja kwa wiki, mnahitaji lita 2,000, au mtanunua maji ya boza.

Kisima kionje. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, hasa karibu na bahari. Nawa kwa sabuni ya kipande: isipotoa povu, maji ni magumu. Tazama kichwa cha bomba na sufuria ya kuchemshia. Ukoko mweupe mzito una maana hita ya maji haitadumu na chai utaichukia. Maji hayo yanafaa kufulia na choo, ya kunywa na kupikia yatakuwa gharama yako nyingine.

LUKU: omba namba ya mita, tarakimu 11, na kabla ya kulipa pango nunua umeme wa 5,000. Ukipata uniti chache kuliko inavyostahili, risiti itaonyesha kilichokatwa. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na miezi iliyolimbikizwa wakati nyumba iko tupu hukatwa kwa anayenunua kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Andikisheni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango.

Mita moja kwa wapangaji wengi ni ugomvi unaosubiri siku. TANESCO ina bei ya chini kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi; vyumba sita kwenye mita moja hupita hapo mapema na wote mnalipa bei ya juu, hata mwenye taa mbili. Kama hakuna mita yako, dai angalau mita ndogo ya chumba chako.

SWALI: Dalali anataka 20,000 za kunionyesha nyumba, na akipata nyumba anataka pango la mwezi mzima. Ni sawa?
*Kijana, Mtwara*

JIBU: Pango la mwezi mmoja kwa dalali ni mazoea ya mji, na hulipwa ukishasaini, si kabla. Hivyo nyumba ya 250,000 kwa miezi sita inakutaka 1,750,000 mkononi, bado gari la vyombo. Hela ya kuonyeshwa jadili: kiasi kimoja kwa nyumba zote za siku hiyo, na umtajie mapema usichotaka, la sivyo utazungushwa nyumba tano zisizokufaa. Ukiwa na muda, tembea mtaani mwenyewe na uulize madukani. Vibao vya "nyumba inapangishwa" bado vipo.

Utapeli wa kawaida ni huu: mtu ana ufunguo, anakupokea kama mwenye nyumba, anachukua pesa za wapangaji watatu kwa siku moja. Dawa yake ni ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda na huyo anayejiita mwenye nyumba, mwenyekiti au mtendaji amtambue, mkataba usainiwe hapo na kugongwa muhuri, na pesa iingie kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina lililo kwenye mkataba. Akisema ana haraka, hana muda wa mtaa, mwache. Ofisi hiyo hiyo ndiyo utakayoitaka baadaye kwa barua ya utambulisho.

SWALI: Kigamboni ni nafuu na kuna upepo. Kazi yangu iko Kivukoni.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kama unakaa Ferri, yaani kwenye kivuko upande wa Kigamboni, au karibu yake kiasi cha kutembea, na kazi iko Kivukoni, ni mahali pazuri: unavuka kwa miguu na kufika. Ukihitaji gari, mambo yanabadilika. Foleni ya magari kwenye kivuko ni ndefu asubuhi, kivuko kimoja kikiharibika inaongezeka, na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lina tozo na linakutoa Kurasini kwenye malori ya bandari. Ukienda ndani zaidi, Kibada au Mjimwema, pima kwanza daladala ya kufika Ferri saa 12 asubuhi. Usiangalie kivuko peke yake, maana wengi huchelewa kabla hawajaliona hata geti.